Mfumo wa Malipo Ukikwama, Taja Saa Kamili

Unapolipia leseni ya biashara na ukurasa ukazunguka tu, lawama ya kwanza huwa ni mtandao. Mara nyingine tatizo liko ndani ya hifadhidata, na kuna njia ya kulithibitisha. Hifadhidata ya Oracle, kwa mfano, hupiga picha kila sekunde: ni maombi gani yanashughulikiwa, na kila moja linasubiri nini. Waliotulia hawahesabiwi.

Tuseme picha 60 za dakika moja zimenasa maombi mara 300. Yaani, kwa wastani maombi 5 yalikuwa yakihangaika kwa pamoja. Iwapo mara 240 yalikuwa yakisubiri rekodi moja iliyofungwa na ombi jingine, kununua seva kubwa ni kupoteza pesa za umma. Anayetafutwa ni aliyeishikilia rekodi hiyo. (Ombi la chini ya sekunde laweza kuponyoka picha, lakini silo linalokuchelewesha.)

Kati ya picha 10, moja tu huwekwa kwenye diski, na kwa kawaida hufutwa baada ya siku 8. Kwa hivyo piga ripoti mapema, ukitaja tarehe, saa na dakika. "Mfumo ulisumbua mwezi jana" haitoshi.