Mama wa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati asiachwe pekee

MAMA anapojifungua salama, jamaa na majirani humiminika kumpa hongera. Lakini mtoto anapozaliwa kabla ya wakati, au akiwa mgonjwa mahututi, wengi hushindwa kuamua iwapo wapeleke hongera au pole. Baadhi huona heri wasiende kabisa, na mama huachwa pekee wakati anapohitaji watu zaidi.

Kitaalamu, mtoto huhesabiwa kuwa amezaliwa kabla ya wakati iwapo mimba haijatimiza wiki 37. Mwaka wa 2020, watoto wapatao milioni 13.4 walizaliwa hivyo kote duniani, yaani takriban mmoja kwa kila kumi.

Mara nyingi mama huruhusiwa kwenda nyumbani baada ya siku chache, huku mwanawe akibaki wadini kwa wiki kadhaa. Hapo ndipo kazi inapoanza. Mtoto ambaye hajafikisha wiki 34 aghalabu hawezi kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio, hivyo hulishwa kwa mpira mwembamba unaopitishwa puani au mdomoni. Sharti mama akamue maziwa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Akikosa usingizi, akiwa na wasiwasi au akisafiri kwa matatu kutoka mbali kila siku, huenda maziwa yakapungua. Kwa sababu hiyo, uji, nauli na mahali pa kulala karibu na hospitali ni sehemu ya matibabu ya mtoto.

Jambo la pili ni joto. Mwaka wa 1978, madaktari wa Bogotá, Colombia, waliokabiliwa na uhaba wa mashine za kuwapa watoto joto, walianza kuwafunga watoto kifuani pa mama zao, ngozi kwa ngozi, jinsi kangaruu anavyombeba mwanawe. Utafiti uliofanywa nchini Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na kuchapishwa 2021, ulionyesha kuwa kuanza mtindo huo mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo kwa asilimia 25, ukilinganishwa na kusubiri hadi hali ya mtoto itulie. Mwaka wa 2022, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza mtoto abebwe hivyo kwa muda wa kati ya saa 8 na 24 kila siku.

Ni nani atakayekaa saa zote hizo kitini, ilhali ana watoto wengine nyumbani? Jibu ni jamaa. Baba, nyanya au shangazi pia anaweza kumbeba mtoto kifuani, mradi wauguzi wamemwelekeza. Asiyeweza kufika wadini anaweza kuwapikia watoto walioachwa nyumbani na kuwapeleka shuleni.

Maneno nayo yana uzito. Si haki kumwuliza mama alikula nini au alibeba mzigo gani. Mara nyingi hata madaktari hawapati chanzo cha uchungu kuanza mapema, na lawama humwongezea mama huzuni. Ni afadhali kumwuliza mtoto anaitwa nani na kumsikiliza.

Waajiri pia wana wajibu. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mama likizo ya miezi mitatu na baba wiki mbili. Mtoto akilazwa miezi miwili, mama hubakiwa na mwezi mmoja tu wa kumlea nyumbani. WHO imependekeza likizo izingatie mahitaji ya wazazi hawa.

Safari haiishii kwenye lango la hospitali. Mtoto akikataa kunyonya, akipumua kwa shida, akiwa baridi au moto kupita kiasi, akipatwa na degedege au akigeuka manjano, arudishwe hospitalini mara moja.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Kwa mtoto mwenye uzito wa kilo moja, mikono inayohitajika ni mingi zaidi.