Eti "umri wako umeenda": nani kapanga mwanamke wa Tukuyu avae nini?

Leo siasa naziweka pembeni. Leo ni nguo. Na akina kaka msikimbie, maana nyie ndo mnaoongoza kwa kuchonga mama wa mtu akipita na suruali.

Kuna sheria huku kwetu hazijaandikwa popote lakini kila mtu anazijua. Binti wa miaka 20 ruksa kupiga jinzi na kitopu, japo atasemwa. Akiolewa, vitenge vianze. Akigonga 45 basi, gauni pana, kitenge juu ya gauni, sweta la rangi ya vumbi, kazi imeisha. Akithubutu kuvaa suruali na koti la kiuno anaambiwa anajifanya binti, umri umeenda, anatafuta nini tena. Ukihoji unajibiwa kwa mkato: ni mila. Haya, mila ipi? Hapo ndo nataka tukae chini.

Wanyakyusa wa zamani hawakuwa na kitenge wala gauni. Walivaa magome ya miti yaliyopondwa mpaka yakalainika, pamoja na mapambo ya shaba. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na hapo nguo ya kitambaa ya kufunika mwili ikaanza kwenda pamoja na kubatizwa na kusoma. Miaka ya 1930 vijana wa huku walikwenda kwa wingi Chunya, kwenye dhahabu ya Lupa, na baadaye wengine wakavuka mpaka kwenye migodi ya shaba ya Zambia, wakati huo ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini. Hela ya kule ilirudi nyumbani kwa sura nyingi, mojawapo nguo. Kwa hiyo lile gauni refu la bibi, ambalo leo tunaapa kwamba ni la asili, lilipoingia lilikuwa fasheni ya kileo kabisa. Bibi alikuwa anatupia!

Mila yenyewe hasa ipo, wala siifichi. Mtafiti mmoja mwanamke, Monica Wilson, alikaa Unyakyusa na mumewe Godfrey miaka hiyohiyo ya 1930, na mwaka 1951 akatoa kitabu kinaitwa Good Company. Aliandika kwa kirefu namna mke anavyotakiwa kumkwepa baba mkwe wake, asikutane naye uso kwa uso. Hiyo wengi mnaijua bila hata kusoma kitabu. Lakini angalia vizuri: mila ile inauliza nani yuko mbele yako. Haiulizi una miaka mingapi. Mkwe wa miaka 18 na mkwe wa miaka 50 wote inawahusu, na mbali na wakwe haina la kusema. Ndo maana mpaka leo wanawake wengi wanatembea na kitenge kimekunjwa kwenye mkoba. Kwenye gari amevaa suruali yake, akikaribia kwa wakwe au msibani anajifunga, maisha yanaendelea. Mimi naona hilo ni jibu zuri kuliko maneno yote ya vijiweni.

Zile kelele nyingine za "mwanamke asivae hiki" mara nyingi zimetoka serikalini na kwenye vyama. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana jijini Dar, ianze Januari 1969: marufuku vimini, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana. Jirani zetu Malawi ndo walifika mbali zaidi. Mwaka 1973 Rais Kamuzu Banda aliweka sheria ya kuwakataza wanawake suruali na sketi fupi, na wageni hawakusamehewa, mpaka ikaja kufutwa miaka ya 1990 mwanzoni wakati utawala wake unaelekea ukingoni. Sasa fikiria, kutoka Tukuyu unashuka Kyela, unafika Kasumulu, unavuka mto Songwe, upo Karonga kwa Wangonde, ndugu zetu wa damu na lugha. Kwa miaka kama 20, suruali ileile ya mwanamke yuleyule ilikuwa nguo upande huu na kosa la jinai upande ule. Mila haiwezi kukatika katikati ya mto namna hiyo, jamani. Ile ilikuwa amri.

Halafu kuna kitu kinaitwa baridi. Tukuyu ipo juu kama mita 1,600 hivi, mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, na mwezi wa sita na wa saba ukitoka nje alfajiri unajua mwenyewe. Nenda mashamba ya chai asubuhi uone akina mama wanaochuma wamevaaje: suruali chini, kitenge juu, gambuti, plastiki kiunoni kuzuia umande. Hakuna anayewauliza umri. Mama huyohuyo Jumamosi akiivaa suruali ile kwenda sokoni ndo inakuwa maneno. Kwamba miguu inasikia baridi siku za kazi tu?

Tuje kwenye kununua sasa, maana hapo ndo hela inapopotea. Wazee watawaambia habari za miaka ya 1980 mwanzoni, nguo ilikuwa ya kupanga foleni. Mwaka 1984 serikali ikalegeza, mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuagiza bidhaa, na mitumba ikaanza kumwagika. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuifuta taratibu, Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru ya AGOA, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishwa kwenye mpango huo. Kwa hiyo mtumba upo, na kwa mama anayeuza ndizi Kiwira ndo duka lake kuu. Lazima ajue kuununua.

Belo nyingi ni kilo 45, zimefungwa kwa aina: sweta peke yake, magauni peke yake, jinzi peke yake. Muuzaji ananunua bila kuona ndani. Akifungua, nguo kali zinaondoka saa ya kwanza kwa bei ya juu, za katikati zinafuata, mabaki yanaishia kumwagwa chini kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo ile nguo ya kutupa siku ya tatu imeshakataliwa na watu wengi kabla yako. Jiulize kwa nini. Inaweza kuwa kwa sababu ya kijinga tu, kama rangi ya ajabu au kifungo kimoja kimekatika, na hapo umeokota dhahabu. Au kwapa limeisha. Iinue juu ya mwanga uangalie kwapani, katikati ya mapaja na makalioni. Hizo ndo sehemu zinazokufa kwanza, na fundi hawezi kufufua kitambaa kilichokwisha.

Usiamini namba ya saizi. Nguo za Uingereza zilizoandikwa 12, Marekani wanaandika 8, Ufaransa 40, Ujerumani 38, na mwili ni uleule! Nimeshasikia dada analia kwamba amenenepa kumbe amehama nchi tu. Zile za kutoka Asia mara nyingi ndogo zaidi kuliko herufi iliyoandikwa. Dawa yake, chukua uzi nyumbani, jipime kiuno na nyonga, piga fundo kila kipimo, uzi uende nao sokoni kwenye pochi. Na pale pasipo pa kujaribia kuna ule ujanja wa shingo: funga kifungo cha suruali, zungushia mkanda wake shingoni, ncha zikikutana kisogoni, kiuno kitakukaa. Ila nyonga haikuambii, na jinzi za kukaa chini ya kiuno zinadanganya. Ndo maana nimesema uzi.

Kitu kingine kikubwa ni bega. Ubavu fundi anapunguza kwa muda mfupi, pindo anapandisha ukimsubiri hapohapo, lakini bega likiwa limeangukia mkononi lazima afumue mkono mzima, na wengi wanakuharibia. Mtu akinunua koti achague bega kwanza, mengine yatafuata. Koti lililokaa begani mama wa miaka 60 analivaa anaonekana mkurugenzi, na binti wa 19 analivaa na raba anaonekana yuko chuo. Koti moja hilohilo.

Kuhusu kitambaa, ukipata uzi uliochomoza kwenye mshono uchome nyumbani (sio sokoni, utapigwa). Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu. Nailoni na poliyesta vinayeyuka na kuacha kishanga kigumu. Kwa Tukuyu hili lina maana sana. Jinzi nzito ikifuliwa msimu wa mvua inaweza kukaa siku kadhaa haijakauka, ikaanza kunuka uvundo. Poliyesta inakauka haraka lakini jasho halina pa kwenda. Sweta la sufu halisi ni mkombozi, ila ukilifua kwa maji ya moto linarudi saizi ya mtoto. Na nguo za ndani, nunueni mpya. TBS ilishapiga marufuku chupi na sidiria za mtumba, na sababu ni afya.

Umri una nafasi yake, sikatai, lakini ni nafasi ya mwili. Anayenyonyesha anahitaji blauzi ya kufunguka mbele, basi, iwe ya maua au nyeusi ni shauri yake. Mama wa miaka 45 mpaka 55 anafikia ukomo wa hedhi, na wengi wanapata joto la ghafla, jasho linawatoka hata kukiwa na ukungu nje. Huyu ukimvalisha lile sweta zito la kuingizia kichwani unamtesa. Anahitaji nguo nyepesi ya pamba ndani, juu sweta la vifungo ambalo anavua na kuvaa bila kuaga mtu. Kiuno nacho kinabadilika umri huo hata kama uzito ni uleule, kwa hiyo sketi ya lastiki nyuma na bapa mbele inasaidia bila kuonekana ya kizee. Bibi ambaye vidole vinauma hataki vifungo vidogo vya mgongoni, anataka zipu ya mbele yenye kishikio kikubwa. Na mchuchumio kwenye utelezi wetu, kwa umri wowote, mimi sina la kusema. Bwana atulinde.

Na hapa kuna hesabu akina dada wadogo mnaikwepa. Tuseme jinzi ya mtumba 8,000 na fundi 2,000, jumla 10,000, inakukaa kama ilikatwa kwa ajili yako na inadumu miaka. Tuseme tena ile spesho ya dukani 25,000, inabana leo, inapauka mwezi wa pili, inachanika mwezi wa nne. Mama yako anayevaa gauni moja miaka 8 sio kwamba hajui kuvaa. Mara nyingi hela ya gauni lake la pili ndo uliyovaa wewe.

Kwenye kitenge napo wengi wanapigwa. Geuza upande wa pili. Wax ya kweli rangi inafanana pande zote mbili. Iliyochapwa upande mmoja, nyuma imefifia, hiyo sio wax hata muuzaji aape kwa mama yake, lakini kama bei ni ya chini na umeipenda, chukua ukijua. Pamba ifue kabla ya kushona, iloweke usiku mmoja, maana inasinyaa. Ukiipeleka mbichi kwa fundi, gauni litakukaa siku ya harusi tu, likifuliwa mara moja unampa mdogo wako.

Na ukifika kwa fundi, kabla hajakata, mwambie aache akiba ndani ya mshono wa ubavuni, upana wa vidole viwili kila upande, asiikate hata akisema inaharibu umbo. Wengi wanabisha kwa sababu kukata ni haraka zaidi. Wewe simama hapohapo na mkasi wake. Ukiongezeka baada ya mtoto, anafumua na kuachia. Ukipungua, anarudisha. Mama yako akilipenda gauni lako anaweza kulichukua akaachiwa ubavu akalivaa kanisani Jumapili inayofuata, na bado kitambaa kitakuwa kimebaki.