Saladi ya mahindi na makaroni: usiilaze

Mama aliyetoka soko la Chwele na mahindi mabichi hahitaji mayonezi ya dukani. Chuja maziwa lala, yaliyogandishwa baada ya kuchemshwa, kwa kitambaa safi hadi yawe mazito. Yachanganye na parachichi lililopondwa, maji ya ndimu na chumvi kidogo. Chemsha mahindi na uyapukuchue. Chemsha makaroni, uyaache yapoe, kisha changanya vyote.

Hatari iko kwenye kiporo. Makaroni yakilala nje ya friji, bakteria waitwao Bacillus cereus huweza kutoa sumu. Wengi hudhani kupasha moto ni dawa, lakini sumu hiyo haiharibiki. Mlaji hutapika, pengine akaharisha, na mtoto mdogo huishiwa maji mwilini upesi. Kama huna friji, pika ya mlo mmoja, iliwe kabla ya saa mbili kupita.