Kengele ya Chini ya Mwembe

Wanangu, sogeeni karibu. Mnaijua ile ringi kuukuu ya lori inayoning'inia kwenye mwembe wa shule? Zamani ilizunguka barabarani. Siku hizi ndiyo kengele. Kiranja wa zamu akiigonga kwa chuma, inaita: Ngaa! Ngaa! Njooni tuanze pamoja!

Asubuhi moja binti wa darasa la nne alifika kengele imeshanyamaza. Mstari umevunjika, majina yameitwa. Alipoingia darasani aliona chungwa mezani, limekatwa vipande vinne. Ubaoni kumeandikwa 1/4 + 2/4. Akatazama chungwa, akatazama ubao. Hakuelewa kitu.

Mapumziko yalipofika, akaenda mwembeni.

"Kengele, nimechelewa dakika kumi tu. Dakika kumi ni kitu gani?"

"Swali zuri hilo, binti yangu! Aulizaye ndiye ajifunzaye. Chukua kijiti, tuhesabu mchangani."

Wakahesabu. Dakika 10 kila siku, kwa siku 5 za wiki, ni dakika 50. Kipindi cha darasa la nne ni dakika 40.

"Kumbe! Wiki moja tu, kipindi kizima kimekwenda?"

"Kimekwenda, na dakika kumi juu yake. Haya, endelea. Mwaka wa masomo Tanzania kwa kawaida una siku 194. Zidisha kwa 10, kisha gawanya kwa 40."

Binti akapata vipindi 48 na ushee. Akashika mdomo.

"Lakini Kengele, mbona hesabu ya leo imenishinda, na sehemu kubwa ya kipindi nilikuwepo?"

"Umewahi kumwona bibi akisuka ukili? Kila mwaa hushikwa na uliotangulia. Akiruka mmoja, pale pale panaachia, hata akikaza vipi mbele. Mwalimu alianza na chungwa. Namba ya chini ni asili: inasema chungwa zima lina vipande vingapi. Ya juu ni kiasi: inasema umechukua vingapi. Huo ndio mwaa ulioukosa."

"Basi siku nikichelewa, nirudi nyumbani?"

"La, la! Ingia. Ukichelewa unakosa dakika. Ukirudi unakosa siku nzima. Mwombe mwalimu radhi, kisha muulize mwenzio walianzia wapi."

"Na nikiumwa?"

"Pumzika upone. Mzazi ampe mwalimu taarifa, rejesta isije ikakuita mtoro."

"Na nikitumwa kisimani asubuhi?"

"Mwambie mama kwa adabu: naomba nikateke jioni. Wakubwa nao wana wajibu wao. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto aliyeandikishwa shule ya msingi ahudhurie mpaka amalize. Mzigo huo usibebwe na mtoto peke yake."

Mmesikia, wanangu? Binti yule alifanya vizuri sana kuuliza. Nanyi ulizeni hivyo hivyo, bila haya.

Basi jioni ya leo fueni soksi, pangeni madaftari, chongeni penseli, mlale mapema. Na kesho, mdogo wako akihangaika na kamba za viatu, usimwache nyuma. Mfungie, mshike mkono, mwende wote.