Kusafisha filamu nyumbani: kosa la nusu gramu linaweza kuharibu picha

Wapiga picha wanaochanganya wenyewe dawa ya kusafishia filamu ya nyeusi na nyeupe wanashauriwa kutumia mizani, si kijiko. Kipimo kikikosewa, picha zote 36 za filamu zinaweza kutoka hafifu ao nzito kupita kiasi, na picha iliyokosa kutokea vizuri hairudishwi kwa kusafisha mara ya pili.

Picha ambazo Jean Depara alipiga katika baa na barabara za Kinshasa miaka ya 1950 na 1960 zinatazamwa hadi leo. Lakini negatifu ikiharibika siku ya kusafishwa, kumbukumbu yake inapotea hapo hapo.

Dawa ya Kodak D-76, inayojulikana tangu miaka ya 1920, inahitaji kwa lita moja: metoli gramu 2, sulfiti ya sodiamu gramu 100, haidrokwinoni gramu 5 na boraksi gramu 2. D-23 ni rahisi zaidi: metoli gramu 7.5 na sulfiti gramu 100, basi.

Kosa la nusu gramu kwenye sulfiti ni sehemu ndogo sana, asilimia 0.5. Kosa hilo hilo kwenye gramu 2 za metoli ni asilimia 25. Ndiyo maana mizani ya jikoni inayoonyesha gramu nzima tu haitoshi. Inafaa ile inayoonyesha sehemu ya kumi ya gramu.

Kijiko nacho kinadanganya, kwa sababu unga ulioshindiliwa ni mzito kuliko ule uliolegea. Pia ni lazima kusoma maandishi ya kopo: sulfiti yenye maji ndani ya chembe zake inaweza kuwa na uzito mara mbili ya ile kavu. Penye gramu 100 za sulfiti kavu, itahitajika gramu 200.

Maji yawe na joto la nyuzi 50 hivi. Hutangulia sulfiti kidogo sana, kisha metoli, ndipo sulfiti iliyobaki, kwani metoli haiyeyuki vizuri penye sulfiti nyingi. Mwishoni maji huongezwa hadi lita moja.

Metoli inaweza kuwasha ngozi, kwa hiyo glavu ni za lazima. Vyombo vya kupimia visirudi jikoni, na dawa isiwekwe kamwe katika chupa ya kinywaji. Kabla ya filamu ya arusi ao ya matanga, inafaa kujaribu dawa mpya kwa kipande cha filamu kisicho na thamani.