Namba za Kioo Nazo Zipimwe

Chapwa ni mojawapo ya kata za Halmashauri ya Mji wa Tunduma, mkoani Songwe, katika mpaka wa nchi yetu na Zambia. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita Tunduma, na vivyo hivyo reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa urefu wa kilometa 1,860. Tangu mwezi Oktoba 2019 forodha za Tunduma na Nakonde hufanya kazi kwa utaratibu wa kituo kimoja cha pamoja. Kwa hiyo si ajabu kwamba bidhaa yoyote ishukayo pwani hufika huko upesi.

Tunayaandika haya kwa ajili ya ndugu zetu wa Visiwani pia, na kwa watumishi wa Serikali wenye dhamana ya biashara. Unguja na Pemba ni mlango wa bidhaa kwa upande wa bahari, kama Tunduma ilivyo mlango kwa upande wa nchi kavu. Mlaji wa Darajani na mlaji wa Chapwa husomeshwa boksi lile lile.

Boksi tunalolisema ni la monita ya michezo ya bei nafuu, yaani kioo ambacho kijana hukiunganisha na PlayStation au kompyuta ili acheze. Wako watakaosema kwamba jambo hili ni la watoto na halistahili kuandikwa katika safu hii. Hatukubaliani nao. Kijana afunguaye banda la gemu na kutoza wachezaji kwa mchezo mmoja mmoja anafanya biashara. Kwake yeye kioo ni chombo cha kazi kama cherehani ilivyo kwa fundi wa nguo. Zaidi ya hayo, sheria huku Bara inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na fungu la vijana ni asilimia 4. Kijana akikopa katika fungu hilo akanunua kioo kisichofaa, mtaji utakwisha na deni litabaki palepale, nalo ni deni la fedha za umma.

Je, kioo cha bei nafuu kinafaa kununuliwa? Jibu letu ni kwamba kinafaa, mradi mnunuzi alipie namba atakayoitumia. Wahenga walitwambia kwamba rahisi huvunja upishi; lakini upishi huvunjika pia kwa mpishi kununua sufuria kubwa kupita jiko lake.

Namba iandikwayo kwa maandishi makubwa kuliko zote ni ya hezi: 144, 165, 180 na kuendelea. Maana yake ni idadi ya mara ambazo kioo kinaweza kubadili picha katika sekunde moja. Katika hezi 60 kila picha hukaa kiooni kwa milisekunde 16.7, katika hezi 144 hukaa kwa milisekunde 6.9. Faida hiyo ni ya kweli, na mchezaji mzoefu huiona kwa macho yake. Lakini kioo hakitengenezi picha, hupokea. PlayStation 4, iliyotoka mwaka 2013, haipeleki kwenye kioo cha kawaida zaidi ya picha 60 kwa sekunde. PlayStation 5, iliyotoka mwaka 2020, inaweza kufikia 120, tena kwa michezo iliyoandaliwa hivyo tu. Mwenye banda aliye na PlayStation 4 akinunua kioo cha hezi 165, amenunua pipa la lita 165 kwa kisima kitoacho lita 60.

Hata mwenye mashine yenye nguvu hana budi kukigeuza kioo akatazame matundu yake ya nyuma. Ziko monita ambazo namba kubwa ya boksini hupatikana kwa tundu la DisplayPort peke yake, na kwa tundu la HDMI hushuka. PlayStation hutumia HDMI. Swali moja tu likiulizwa dukani, yaani kioo hiki kinafikia hezi ngapi kwa HDMI, laweza kuokoa fedha nyingi.

Namba ya pili ni ile ya milisekunde 1. Hapa pana mizani mbili zenye jina linalofanana. Ya kwanza hupima muda ambao kitone cha kioo hutumia kugeuka kutoka rangi moja ya kijivu hadi nyingine. Ya pili hupima muda ambao picha huonekana machoni, na aghalabu hupunguzwa kwa kuwasha na kuzima taa ya ndani ya kioo upesi upesi, jambo ambalo hufifisha mwanga. Kioo kinaweza kustahili namba 1 kwa mizani ya pili, na kwa ya kwanza kikawa kizito, kikiacha mkia nyuma ya kila kitu kiendacho mbio. Asomaye namba bila kujua mizani iliyotumika hajasoma kitu.

Kisha kuna aina ya kioo chenyewe, ambayo boksi huiandika kwa herufi ndogo. Kioo cha TN ni chepesi wa kubadili picha, lakini ukikitazama kwa ubavu rangi hugeuka. Kioo cha VA huonyesha weusi vizuri zaidi, kwa uwiano wa karibu 3,000 kwa 1 kati ya nuru na giza, lakini vingi vya bei nafuu hukawia katika picha za giza. Kioo cha IPS huwa na uwiano wa karibu 1,000 kwa 1, na uzuri wake ni kwamba hutazamika vyema kutoka kila upande. Katika chumba cha mtu mmoja tofauti hiyo yaweza kuvumilika. Katika banda ambamo wawili wanacheza na wengine wanatazama wakiwa wamebanana ukutani, ubavu wa kioo ndio unaowapa watu haki yao.

Mwanga nao usisahauliwe. Neno HDR hubandikwa siku hizi karibu kila mahali. Mwaka 2017 jumuiya ya viwanda iitwayo VESA iliweka madaraja ya kulipima neno hilo, na daraja la chini kabisa lilitaka kioo kifikie niti 400. Kioo kilichoandikwa HDR bila daraja chaweza kuwa kinapokea tu picha za namna hiyo, bila uwezo wa kuzionyesha inavyopasa. Banda lililo wazi mbele, jua la saa nane mchana likimulika, lahitaji niti za kweli na wala si herufi tatu.

Mwisho kuna mambo ambayo boksi huyanyamazia. Monita nyingi za bei nafuu hazina spika, na baadhi hazina hata tundu la kutolea sauti. Aidha, monita haishiki matangazo yenyewe, yahitaji king'amuzi. Visiwani televisheni inafahamika kwa muda mrefu kuliko penginepo katika Muungano, kwa kuwa ya rangi ilianza Zanzibar mwaka 1973, na Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Basi ndugu zetu wataelewa tukisema kwamba kwa banda lenye PlayStation 4, televisheni ya kawaida ya hezi 60 iliyo na hali ya mchezo, ambayo hupunguza ukawiaji wa picha, yaweza kuwa chombo bora kuliko monita ya hezi 165. Ina spika zake, na jioni wateja watatazama mpira. Ila vitone vihesabiwe: televisheni ndogo nyingi zina vitone 1,366 kwa 768, ambavyo ni karibu nusu ya vile vya kioo chenye 1,920 kwa 1,080, hata kama boksi linasema inapokea picha kubwa zaidi. Kupokea si kuonyesha.

Hukumu yetu basi ni hii. Mwenye PlayStation 4 atafute IPS au televisheni nzuri ya hezi 60 au 75, na fedha itakayobaki anunulie kifaa cha kulinda vyombo dhidi ya umeme unaopanda na kushuka. Mwenye PlayStation 5 atafute kioo kinachofikia hezi 120 kwa HDMI. Mwenye kompyuta yenye nguvu ndiye mwenye haki ya kulipia hezi 144 na zaidi. Wote watatu wakiwashe kioo dukani kabla ya kulipa, wakitazame kwa ubavu, wakijaze rangi moja moja ili kutafuta vitone vilivyokufa, na wadai risiti.

Hata hivyo si haki kumtwika mlaji mzigo wote. Mizani ya muuza sukari hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kupigwa mhuri, na vivyo hivyo pampu ya mafuta. Kurani ina sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wapunjao vipimo. Kilo ikipunjwa ni dhuluma. Hezi na niti zikipunjwa ni dhuluma ile ile kwa jina jipya. Vyombo vya kusimamia tunavyo: Shirika la Viwango Tanzania liliundwa mwaka 1975, na Zanzibar ina Taasisi yake ya Viwango. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 kwa upande wa Bara, na ile ya mwaka 2018 kwa upande wa Zanzibar, ziliwekwa ili kumlinda mlaji.

Tunatoa mwito kwamba kila monita na televisheni iingiayo nchini, iwe kwa Malindi, kwa Dar es Salaam au kwa mpaka wa Tunduma, iwe na karatasi moja ya Kiswahili yenye mambo matano: vitone halisi, hezi kwa kila tundu, aina ya kioo, niti zilizopimwa, na kama ina spika. Maofisa wanaopitia maombi ya mikopo ya vijana nao waidai karatasi hiyo kabla fedha haijatoka. Kazi hiyo haihitaji sheria mpya. Yahitaji ofisa mwenye kupenda kazi yake, na mfanyabiashara mwaminifu hatakuwa na sababu ya kuiogopa.