Salome ulivuma au ilivuma? Kazi tofauti zenye anwani moja

Mwambie kijana anayeuza miziki na filamu pale soko la Nyakoe, kwenye barabara ya Kisii kwenda Kisumu: "Nipe Salome." Atakuuliza: "Salome gani, mzee?" Ana haki. Ipo filamu ya Marekani ya mwaka 1953 yenye anwani hiyo, aliyoigiza Rita Hayworth. Upo pia wimbo wa Diamond Platnumz na Rayvanny wa mwaka 2016, uliochota kutoka kwa wimbo 'Maria Salome' wa Saida Karoli.

Neno 'anwani' tunalitumia kwa jina la kitabu, wimbo au filamu, na pia kwa mahali barua inapopelekwa. Maana hizo zinakaribiana, kwani zote zinamwelekeza mtu. Anwani ikielekeza kwenye nyumba mbili, barua itapotea.

Kiswahili kina dawa ya kwanza, nayo ni upatanisho wa kisarufi. 'Wimbo' umo katika ngeli ya U-ZI, 'filamu' katika I-ZI, na mtu katika A-WA. Kwa hivyo, 'Salome ulivuma' ni wimbo, 'Salome ilivuma' ni filamu, na 'Salome alivuma' ni mtu. Nomino 'wimbo' au 'filamu' imefichika, lakini bado inatawala kitenzi. Mtaani watu husema 'hiyo Salome ilivuma' kwa yote, na wanaelewana kwa sababu muziki wenyewe unasikika hapo hapo. Msomaji wa insha hasikii chochote.

Hata hivyo, dawa hiyo haitenganishi filamu na filamu, wala wimbo na wimbo. Filamu Subira ni mbili: fupi ya 2007 na ndefu ya 2018, zote za mwelekezi Ravneet Chadha. Hapo tunahitaji mwaka. Nao Malaika wa Fadhili William uliimbwa pia na Miriam Makeba na kundi la Boney M. Huo ni wimbo mmoja, sauti tofauti. Malaika wa Nyashinski ni wimbo mwingine kabisa. Tena, ukiandika 'Malaika wa Nyashinski' peke yake, msomaji anaweza kudhani unamzungumzia mpenzi wake! Andika 'Malaika, wimbo wa Nyashinski', na utata utaisha.

Suala hili si la sarufi tu. Wengi humtambua Fadhili kuwa mtunzi wa Malaika ule wa zamani, lakini wapo wanaowataja Grant Charo na Adam Salim. Kila tunapoandika 'Malaika wa Boney M' kisha tukanyamaza, tunawafuta wote watatu kwa mpigo. Wala tusidhani anwani itamlinda mtunzi. Kwa kawaida hakimiliki hulinda kazi yenyewe, si jina la neno moja.

Ndiyo maana nawasisitizia wanafunzi wangu wataje mambo matatu: aina ya kazi, mtunzi na mwaka. Penye mzozo kuhusu mtunzi, waseme upo. Huku kwetu Gusii kina Moraa ni wengi, na akitajwa mmoja tunauliza, "Moraa wa nani?" Tuziulizie nyimbo na filamu zetu vivyo hivyo.